Nilisoma historia nzima ya klabu ya mpira ya Denmark kwa sababu ya wivu kwa mke wangu

Wakuu, heshima yenu popote mlipo.

Hiki kisa nimekaa nacho miaka mingi. Nakiandika leo kwa sababu wale ambao kingewaumiza wameshatangulia mbele ya haki. Chumvi sitaweka. Mkiona mahali nimejipendelea, mjue hapo kumbukumbu imenipiga chenga, si kwamba nadanganya.

Twende.

Ni enzi za simu za vitufe, kupiga Bongo mpaka ununue calling card ya kukwangua. Nilikuwa porter, nasukuma vitanda na wheelchair hospitali moja ya South London. Tulikuwa tunakaa Lewisham, flat ya juu ya duka la samaki. Mimi, mke wangu Zuhura na binti yetu Rahma, wakati huo ana miaka sita.

Mimi ni wa Morogoro. Zuhura ni Mpemba. Tulionana kwenye harusi ya watu kule Rayners Lane, upande wa pili wa London, na kabla mwaka haujaisha nikamuoa. Baba yake niliambiwa alifia baharini yeye akiwa mchanga, kwa hiyo aliyemuozesha ni baba yake mkubwa, kwa simu kutoka Pemba.

Sasa niseme ukweli kuhusu mimi. Nina wivu. Sio ule wa kutaniana. Zuhura akimsifia daktari kwenye TV, mimi nabadilisha channel.

Na kulikuwa na mtu anaitwa Seif. Kabla yangu, Seif ndiye aliyemposa. Familia zikakubaliana, jamaa akapata njia ya kwenda Denmark, akafika, akapotea jumla. Zuhura alinieleza mwenyewe kabla ya ndoa, wazi kabisa. Nikamwambia hamna neno.

Wakuu, neno lilikuwepo.

Jumamosi moja nimerudi kutoka early shift, namkuta amekaa ukingoni mwa bathtub, mlango umerudishwa nusu, anaongea na simu. Nikasimama kwenye korido na viatu vyangu mkononi.

"Na weye unakula lakini? Usinidanganye miye."

Kisha akacheka.

Niwaeleze kitu hapa. Mimi Zuhura aliniongelesha Kiswahili cha kawaida, kile cha kueleweka na kila mtu. Kipemba chake alikuwa anakitoa akiongea na mama yake tu. Sasa anampa mtu mwingine, kitamu kama anamlisha kwa mkono. Ningemsikia anaongea Kiingereza na Mzungu ningeumia kidogo. Hiki kiliniingia mpaka kwenye mifupa.

Nikaangalia simu yake alipokuwa jikoni. Namba inaanza na code ya Denmark.

Wiki iliyofuata natafuta birth certificate ya Rahma kwenye sanduku la juu ya kabati. Chini ya khanga zake nakuta scarf ya mpira. Rangi ya tofali, mstari mweupe katikati, nembo ya klabu na maandishi ya Kidenishi. Pembeni yake kuna kijitabu cha mechi.

Niambieni nyie, mnawajua wanawake wangapi wa Kipemba wanaofuatilia ligi ya Denmark?

Sikumuuliza. Hilo ndilo kosa langu la kwanza na ndilo lililozaa mengine yote. Nilirudisha scarf, nikaenda library ya mtaani, nikachukua saa moja ya internet.

Klabu yenyewe sitaitaja, mtaelewa mbele. Tuiite Klabu ya Matofali.

Nilikuwa namtafuta Seif kwenye picha. Website yao ilikuwa na sehemu ya historia kwa Kiingereza kibovu kibovu, nikaanza hapo. Saa moja haikutosha. Nikarudi kesho yake. Nikarudi tena.

Klabu ilianzishwa na wafanyakazi wa tanuru la matofali, ndiyo maana ya ile rangi. Uwanja wao wa kwanza ulikuwa malisho, mechi inasimama ng'ombe watolewe. Upande wa pili wa mto kulikuwa na klabu nyingine ya watoto wa wenye maduka, na hawa wawili walikuwa hawasalimiani. Miaka ikaenda, wote wakaishiwa, ikabidi waungane. Wazee wa pande zote walilia siku ya kupiga kura.

Denmark kulipa wachezaji walichelewa sana. Kwa hiyo timu iliyochukua Kombe, mara moja tu katika maisha yao, ilikuwa ya mafundi umeme na mwendesha basi. Nahodha alikuwa mwalimu wa hesabu. Jumatatu asubuhi yuko darasani kama kawaida, jicho limevimba.

Baada ya hapo wakawa professional, wakapanda, wakajitutumua, wakaanguka madaraja mawili. Klabu ilikuwa karibu kufunga milango kabisa. Wanachama wakaanza kuoka keki na kuuza kahawa kila mechi, na wenyewe wakapaka rangi majukwaa. Ikapona.

Mnajua nilihisi nini nikisoma hayo? Wivu. Nilimuonea wivu Seif kwa kuwa na klabu kama ile. Niliuonea wivu mji wenyewe. Kichwani nilimwona amekaa jukwaani na kahawa yake, halafu anampigia mke wangu kumsimulia. Mimi nilikuwa na cha kumsimulia? Lift ya ward imeharibika.

Picha ya Seif sikuipata. Nikahitimisha kwamba anajificha.

Siku ya siku, Jumamosi asubuhi. Zuhura ameshuka sokoni, simu ameisahau mezani. Ikaita. Code ileile.

Nikapokea, na sikumpa nafasi hata ya kusema hello.

"Sikiliza wewe. Mimi ndiye mumewe. Zuhura amesema hataki tena kusikia sauti yako. Usipige tena hapa."

Mtu wa upande wa pili akauliza taratibu:

"Amesema hivyo yeye?"

"Amesema yeye, kwa mdomo wake."

"Haya. Mwambie nimesikia."

Akakata. Sauti ilikuwa ya mtu mzima, nzito, imechoka. Niliisikia hiyo, wakuu, sitadanganya. Wivu ukanijibu fasta: Seif sigara zimemmaliza.

Nikafuta ile call. Zuhura aliporudi na mihogo yake nikampokea mfuko, nikamwimbia. Wiki nzima nilikuwa natembea kwenye korido za hospitali kama nimeshinda Kombe mimi.

Wiki ya pili nikaanza kuona mambo. Zuhura anapiga, haipokelewi. Anapiga tena, imezimwa. Chakula anapika, hali. Anamvalisha Rahma sweta nje ndani. Nikasema hasira za mapenzi hizo, zitaisha.

Jumapili mchana akaniita sebuleni. Alikuwa amekaa chini kwenye zulia, scarf ipo mapajani.

"Baba Rahma, mie n'na baba."

"Wapi?"

"Denmark. Hakufa."

Nikakaa.

Akanieleza. Baba yake, mzee Hamad, aliondoka Pemba miaka ya shida baada ya mapinduzi, akapanda meli za mizigo kama baharia. Barua zikakatika. Ikaja habari kwamba meli imezama na yeye yumo. Mama yake akakaa eda, baada ya muda akaolewa na mtu mwingine, akazaa naye watoto wanne. Kumbe mzee alishateremka kwenye bandari ya kabla ya hapo na hakurudi kwenye ile meli.

Mama mmoja wa Rayners Lane ndiye aliyemwambia Zuhura kuna mzee wa Kipemba anafua jezi kwenye klabu ya Denmark, na ukoo wake ni huuhuu wa kwao. Zuhura akapiga simu ya klabu, akaomba kuzungumza naye, na ile scarf mzee ndiye aliyemtumia kwa posta.

"Kwa nini hukuniambia mimi?"

"Kwa sababu kila Ijumaa unampigia mama. Na weye hujui kukaa na neno. Mama ana mume. Akijua baba yu hai, ile nyumba yake inakuwa nini? Wale watoto wanakuwa nini? Nilisema nitakwambia, nakutafutia siku." Akajifuta na ile scarf. "Sasa hapokei tena. Wiki ya tatu. Ama mgonjwa, ama amekufa kweli mara hii."

Wakuu, hapo ningeweza kunyamaza. Call nimefuta, shahidi hakuna. Ningeweza hata kujifanya shujaa wa kumsaidia kutafuta. Nililifikiria hilo, nadhani kwa muda wa kunywa glasi moja ya maji.

Nikamwambia.

Hakupiga kelele. Aliniuliza swali moja tu. "Ulimwambia mie ndo n'losema?"

"Ndiyo."

Akaamka, akapakia nguo zake na za Rahma, wakaenda Rayners Lane kwa shangazi yake. Shangazi akanipigia jioni ile kunijulisha wamefika, akaongeza, "Mwanangu, usije kwanza."

Passport nilikuwa nimeshapata, baada ya miaka ya kwenda na kurudi ofisi za uhamiaji kule Croydon. Nikabadilishana shift na mwenzangu. Nikaangalia ratiba ya Klabu ya Matofali: Jumamosi wanacheza nyumbani. Sikuwa na anwani ya mzee, lakini ile klabu niliijua kuliko wajumbe wake.

Nimefika Denmark, nauona ule mto. Naliona lile jukwaa walilopaka wenyewe, na kweli rangi haikulingana. Kwenye meza ya keki kuna mama wa Kidenishi mwenye apron, nikamuuliza kwa Kiingereza yuko wapi mzee Mwafrika anayefua jezi. Akanishika mkono kama mtoto, akanipeleka chini ya jukwaa.

Chumba kidogo, kina mvuke, mashine tatu zinazunguka. Mzee mfupi mwenye ndevu nyeupe na koti la rangi ya tofali anakunja soksi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba." Hakugeuka. Mikono ikasimama. "Sauti hii naijua."

"Ni mimi."

"Ni weye ulonipigia makelele."

"Ni mimi, baba. Zuhura hakusema vile. Hakusema hata neno moja. Nilisema mimi, kwa wivu. Nilidhani wewe ni mwanamume."

Akageuka, akanitazama juu mpaka chini. "Miye si mwanamume?"

Akanisogezea kiti kwa mguu, akaniwekea kapu la soksi.

"Kunja. Mbilimbili. Wachezaji wanakuja sasa hivi."

Nikakunja. Na yeye akawa anaongea huku anapanga jezi. Kwamba alipoteremka melini alipata kazi kwenye lile tanuru, na wafanyakazi wa tanuru ndio waliomleta uwanjani. Kwamba klabu ilipokaribia kufungwa alikuwa anazibeba jezi kwenda kufulia nyumbani kwake. Kwamba aliandika Pemba, akajibiwa kwa siri na rafiki yake kwamba mkewe ameshaolewa na ana mimba.

"Nikaona bora nibaki maiti. Maiti havunji nyumba ya mtu."

"Na simu, baba? Kwa nini umezima?"

"Mtoto nimemwacha hajui kutambaa. Akisema hanitaki, n'na jawabu gani? Nilisema haki yake."

Nikatoa simu yangu, nikampigia Zuhura. Akapokea, akasema kwa sauti ya kukata, "Nilikwambia sitaki kuzungumza na weye."

Nikampa mzee.

Yaliyosemwa pale siyaandiki, mengine sikuyaelewa, kilikuwa Kipemba cha ndani. Mzee aliegemea mashine inayotikisika, analia na yeye anatikisika nayo. Kisha wakaanza kucheka, wote wawili, kicheko kilekile cha bafuni. Na mimi nimekaa na soksi mkononi, nimesafiri, nimeomba msamaha, najua huyu ni baba mzazi, na bado kifua kinaniuma kwamba mimi hajawahi kunichekea hivyo.

Ndiyo hivyo, wakuu. Sikupona. Nilijua tu ugonjwa wangu una sura gani.

Zuhura alirudi baada ya mwezi na nusu. Alirudi, lakini alinisamehe kwa mafungu, na fungu la mwisho sina uhakika kama nimelipata. Mama mkwe aliondoka duniani bila kujua chochote, na mumewe akamfuata. Siri ile niliiweka. Kila Ijumaa nilipiga Pemba na niliiweka.

Mzee yupo, amestaafu, anakwenda uwanjani kunywa kahawa. Rahma sasa ni mama mtu mzima. Mimi nikimuongelesha Kiswahili ananijibu Kiingereza, tangu mdogo. Majuzi nimepita karibu na mlango wake, namsikia kwenye simu: "Babu, na weye umekula?" Kipemba, safi, hata Zuhura hakisemi hivyo.

Nikasimama kwenye korido kidogo. Halafu nikapiga hodi, nikaingia, nikamwomba nami nimsalimie.

Nilichojifunza ni kidogo tu. Nilikuwa na mke wa kumuuliza, nikaenda kuiuliza internet. Swali moja jikoni lingemaliza yote.

Sasa wakuu, nisaidieni hili, maana Zuhura na mimi hatukubaliani mpaka leo. Yeye anasema ningeenda kwanza Denmark nimrejeshe mzee, ndipo niungame. Mimi nasema kama nisingeungama siku ile, nisingeungama kabisa. Wewe ungefanyaje? Matusi nayo yaje, nayastahili kiasi.