Punguza Mpaka Uone Mtu

Siku yangu ya kwanza kazini, Bwana Kapita hakunipa jembe wala makasi. Alinisimamisha mbele ya mchungwa akaniuliza, "Kijana, unaona nini?"

Kapita ndilo jina tulilomwita msimamizi wa wafanyakazi wa bustani ile, hapa Bujumbura. Nilikuwa nimetoka kubeba samaki Ruziba, na kabla ya hapo nilipiga mabati katika karakana ya Cibitoke. Shule niliiacha mapema, lakini kila kitu nilitaka kujua kinavyofanya kazi. Nikautazama mti. Tawi lilikuwa na vinundu vya kahawia, vidogo kama dengu.

"Naona macho ya muti," nikasema. "Pale majani mapya itatokea."

Wafanyakazi wakacheka. Kapita alipitisha ukucha chini ya kinundu kimoja, kikabanduka, na ukucha ukalowa.

"Jicho ya muti haibanduke hivi, sha. Hii ni mududu. Iko inakunywa muti, na we unaisifu!"

Hivyo ndivyo nilivyojuana na wadudu magamba. Mdudu huyu amejibandika kwenye gome au mgongo wa jani, mdomo wake mwembamba kama unywele umezama ndani, na gamba linamkinga juu. Watembeao ni watoto wake tu, tena kwa muda mfupi. Wakipata mahali pazuri hutia mdomo na kutulia, na wa baadhi ya aina hupoteza hata miguu. Jambo hilo lilinishangaza kuliko wenzangu, maana mimi sikuwahi kutulia popote zaidi ya msimu. Kapita ndiye aliyenipa jina la Tembea.

Alinifundisha kuanza na ukucha kila mara. Mdudu aliye hai hutoa maji. Aliyekufa ni mkavu na hupukutika. Gamba tupu hubaki mtini muda mrefu, na asiyejua huendelea kupiga dawa maiti. Kisha akanionyesha sisimizi waliopanda shina kwa mstari. Magamba wengi hutoa maji matamu, sisimizi huja kuyanywa, na kwa shukrani huwafukuza wadudu wanaokula magamba.

"Sisimizi ni zamu," alisema, na zamu kwetu ni mlinzi wa lango. "Kama zamu iko pale, mwizi ataingia wapi? Ondoa zamu kwanza."

Tulifunga kitambaa shinani na kukipaka grisi, juu ya kitambaa si juu ya gome, na kukata matawi yaliyogusa ukuta ili sisimizi wakose daraja. Lakini neno alilolirudia kuliko yote lilihusu makasi. Magamba hupenda mti uliosongamana, usiopitisha upepo, ambao hata dawa haiingii. "Punguza mpaka uone mutu upande ingine," alisema. "Usipomuona, bado hujafanya kazi."

Kisha vita vikaja. Bustani ilifungwa, Kapita akarudi kwao Uvira, na njia nilizozoea zikakatika. Kulikuwa na majuma ambayo kutoka Bwiza hadi Cibitoke haikuwa safari ya mtu anayependa uhai wake. Mimi, Tembea, nikabanwa mahali pamoja.

Pale Bwiza nikapata kazi kwa Mama Patroni, mjane aliyechoma mukeke, samaki wa ziwa letu. Wateja walikaa uani, chini ya safu ya mindimu iliyoshikana kama ukuta kati ya meza na barabara. Ndimu zake alizikamulia samaki, na kivuli chake ndicho kilichowaleta watu mchana. Bila safu ile hakukuwa na mgahawa, na yeye hakuwa na kazi nyingine.

Wateja wakaanza kulalamika kwamba meza zinanata.

"Tembea, we unafuta meza na nini, na asali?"

Nilifuta tena, na baada ya chakula zikanata tena. Ndipo nikainua macho. Majani yalikuwa meusi kama matako ya sufuria: ule ni ukungu unaoota juu ya maji matamu ya magamba. Shinani, sisimizi walipanda na kushuka.

"Mama, si mi. Ni zamu."

"Zamu gani? Mi sina zamu hapa!"

Kabla sijamaliza kumweleza, akaingia Shefu wa karitiye, kiongozi wa mtaa wetu. Siku hiyo hakuagiza kitu.

"Mama, miti yote inayoziba barabara ikatwe. Mutu anaweza kujificha nyuma yake. Mpaka Jumamosi."

"Shefu, we unakula mukeke hapa kila Ijumaa. Ukikata ndimu, utakula wapi? Ku lami?"

"Amri si yangu, Mama. Na mi pia naogopa."

Mama Patroni akakaa, kitambaa cha meza mikononi. "Basi nifunge," akasema, si kwa Shefu wala kwangu.

Nikasikia maneno ya Kapita kana kwamba yuko nyuma yangu: punguza mpaka uone mutu. "Shefu, samahani. Amri inasema tukate, ao inasema muone?"

Akafikiri. "Inasema tuone."

"Basi tuachie mpaka hiyo Jumamosi."

Nilianza na zamu, kitambaa chenye grisi kwa kila shina, kisha nikakata matawi yaliyojaa magamba, nikayachoma moto badala ya kuyatupa kwenye mboji. Nikaondoa ya chini, kisha yale yaliyopandana katikati. Dawa za dukani hazikupatikana, kwa hiyo tuliyeyusha sabuni ya mawese katika maji ya vuguvugu, tukaongeza mafuta kidogo ya kupikia, tukajaribu kwanza kwenye tawi moja tuone kama majani yataungua. Hayakuungua. Tukafanya kazi asubuhi kabla ya jua kali, tukisugua magome na migongo ya majani kwa miswaki mikuukuu. Mama Patroni alisugua na kumtukana kila mdudu.

"Toka! Unakula hapa kila siku na hulipi!"

Jumamosi Shefu alivuka barabara, akasimama upande wa pili.

"Tembea, simama nyuma ya muti!" Nikasimama. "Chuchumaa!" Nikachuchumaa. "Eh! Naona hata tundu ya suruali yako!"

Barabara nzima ikacheka, na humo walikuwemo watu ambao sikuwa nimesikia kicheko chao tangu vita vianze. Shefu akaingia, akavuta kiti. "Ndimu ibaki. Lete mukeke."

Sabuni haifiki kwenye mayai yaliyo chini ya gamba, kwa hiyo tulirudia kila watoto walipoanza kutembea. Mvua zilipokuja, majani mapya yalitoka safi na meza zikaacha kunata. Likatokea na jambo ambalo sikulipanga. Wapita njia waliwaona walaji, na walaji waliwaona wapita njia. Siku zile mtu aliogopa hata kishindo cha mtu, lakini pale wengine waliinama kidogo na kusema, "Amahoro?" yaani, ni amani? nao wakajibiwa.

Vita vilipokwisha wote walidhani nitaondoka. Nilifika hadi Ruziba, nikarudi kabla ya chakula cha mchana. Mindimu ilikuwa inangoja kusuguliwa.

Sasa sipandi ngazi tena. Wanaonunua miche huniletea niikague, nami huwaambia waangalie mgongo wa jani kabla ya kuingiza mche nyumbani, na wauweke peke yake kwanza. Mama Patroni amezeeka pia. Huniuliza kwa nini sikurudi kwenye kutembea kwangu, nami humjibu kwamba magamba wakipata mahali pazuri hupoteza miguu.

"Kwa hiyo mi ni muti yenye wadudu?" husema, na kunisogezea ndimu.