Shikamoo Iliyopumzishwa

Siku yangu ya kwanza kazini, pale Somanga, Mwalimu Mkuu alinikabidhi boksi la chaki, fimbo na darasa la kwanza lililojaa hadi madirishani. "Anza na fimbo," aliniambia, "chaki itafuata." Nikacheka, nikidhani ananitania. Hakucheka. Basi mie mtoto wa Milola, niliyekulia katikati ya makelele ya ndugu wengi, nikagundua upesi kwamba watoto hutulia nikiwaimbia. Fimbo ile iliishia kuegemeza dirisha.

Nilihamishiwa Kikole, kisha nikapelekwa chuoni kusomea elimu maalumu, yaani kufundisha watoto wenye ulemavu na mahitaji ya pekee. Nikarudi kuwa mwalimu wa kitengo, darasa lao ndani ya shule ya kawaida. Huko ndiko nilikoujua usonji. Wanangu walimu, usonji si jini, wala hauletwi na malezi mabaya. Mtoto huzaliwa nao. Ubongo wake hupokea sauti, mwanga na maneno ya watu kwa namna yake, na wengi wao hushika kanuni kama walivyopewa, bila kupunguza.

Rehema alikuwa mshika kanuni. Shule yake siitaji. Alilelewa na bibi yake, Bi Sharifa, msuka mikeka, mwanamke wa pwani mwenye adabu zilizonyooka. Bibi alimfundisha hivi: mtu akisimama mbele yako, sema shikamoo. Basi Rehema akamwamkia kila aliyesimama mbele yake, hata mtoto wa chekechea.

Wenzake wa darasa la tatu wakagundua. Wakati wa mapumziko wakapanga foleni mbele yake. "Shikamoo." "Marahaba, mjukuu wangu!" Kicheko. Akitaka kupita, wanamsukuma arudi, eti foleni haijaisha. Ikawa ndio mchezo wa kila siku. Akaanza kuziba masikio, kisha akaacha kula, kisha akanyamaza kabisa. Asubuhi moja bibi yake alipomletea sare, mtoto aliingia uvunguni akajing'ata mkono hadi damu. Hapo ndipo Bi Sharifa alipokuja kuniita kitengoni kwangu, maana alisikia nafundisha watoto kama wake.

Nilikwenda kwa Mwalimu Mkuu wa shule ile.

"Mwalimu Hadija, huo ni utani tu," alisema. "Huku kwetu tunataniana hata msibani, sembuse watoto?"

"Utani hurudishwa, Mwalimu Mkuu. Na mtani akiona umelia, anakoma. Hawa walikoma?"

Akavua miwani. Hakuwa mtu mbaya jamani, ila hakuwa ameangalia. "Basi kesho kwenye paredi nitawapanga mbele yake, wamwombe radhi mmoja mmoja."

"Foleni tena? Unataka kumuua mtoto wa watu?" Nilipaza sauti mpaka katibu wa shule akachungulia. Tukakubaliana awaite watoto wale na wazazi wao, kila mmoja kwa wakati wake, Rehema asiwepo. Na mwalimu wa zamu asimame uwanjani wakati wa mapumziko, chai ataikuta.

Kisha tukampeleka Rehema kwa mtaalamu wa afya ya akili, hospitali ya mkoa. Alitueleza kwamba mtoto mwenye usonji huumia moyoni kama mwingine yeyote, ila huenda asiseme. Utaliona jeraha kwenye kula, kulala na kujiumiza. "Msimlazimishe kuongea," alisema. "Kwanza ajione salama. Na kinachomkumbusha foleni ile, kiondoeni kwa sasa."

Nikamgeukia Bi Sharifa, naye akatazama chini. Nyumbani kwake wageni hawakatiki, na kila mgeni aliyeingia, mtoto alitolewa uvunguni akaamkie.

"Bi mkubwa," nilimwambia tulipofika kwake, "shikamoo ndiyo inayomuuma. Tuipumzishe."

"Salaale! Mtoto asiyeamkia watu wazima? Watasema sikumlea." Akavuta kanga usoni. "Mama yake hayupo, mwalimu. Adabu yake ndiyo shahidi wangu."

Akalia. Nami nikalia, maana nilimwelewa. Tukajifutia kanga moja.

Lakini alijaribu. Mgeni akipiga hodi, anamwahi mlangoni: "Karibu. Mjukuu wangu hasalimii kwa sasa, usimsemeshe." Wapo walioguna, na shangazi mmoja alinuna mpaka akasusa chai. Rehema akaachwa na ukindu wa mikeka ya bibi yake, akiupanga kwa rangi, mwekundu huku, wa kijani kule. Kazi hiyo ilimtuliza. Nikitoka kazini nilikaa sakafuni karibu naye, nikipanga wangu, bila swali. Siku alipoanza tena kuimbia puani, bibi yake alinifinya mkono nisigeuke kumtazama.

Shuleni alirudi kidogo kidogo. Kwanza wenzake wakishaondoka, kisha kipindi kimoja, akiwa na ratiba ya picha, kadi za kumwonyesha nini kinafuata nini. Zipo siku tulizorudi uvunguni, na tulianza upya. Maneno yake yalirudi machache machache. Shikamoo hatukuiomba.

Sasa nimestaafu na magoti yananisuta kila asubuhi. Watu hunisifu kwa niliyoyasema darasani. Lo! Kazi yenyewe, nusu yake ilikuwa kukaa sakafuni nimefunga mdomo, mie mpenda maneno. Hakuna kilichonichosha kama hicho, na hakuna nilichokipenda zaidi.

Siku ya kuniaga, Rehema alipenya katikati ya watu, akasimama ubavuni mwangu, akashika pindo la kanga yangu. Nikafurahi nusura nipige vigelegele. Mgeni rasmi, Afisa Elimu, kijana mwenye suti iliyompendeza, akainama mbele yake. "Mtoto mzuri, shikamoo yangu iko wapi?"

Nikahisi vidole vikikaza. Kabla sijafungua mdomo, Bi Sharifa aliinuka mkekani. Mwanamke anayeamkiwa na wazee wa mtaa mzima akaja akasimama kati yao, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, baba," alimwambia kijana yule. "Nakuamkia mimi badala yake."

Afisa akaduwaa, nani mwenye akili zake angemwitikia bibi yule marahaba? Akapiga goti pale pale na suti yake. "Shikamoo, bibi. Nisamehe."

"Marahaba. Inuka ukale pilau."

Vidole vya Rehema vikalegea, na mimi nikalia mbele ya wageni wote bila haya.