Samaki Waliokuja Juu Alfajiri

Baba alichimba bwawa la perege kihambani, shamba letu la nyumbani Marangu, pale alipong'oa mibuni iliyochoka. Akafariki kabla hatujavua hata mmoja. Mimi niliyeishia kidato cha pili, ninayeota kulisha Moshi nzima samaki, nikarithi bwawa na mzani wake wa kahawa.

Kila wiki nilipima chakula kwenye ndoo, nikavua samaki wachache, nikawapima uzito na kuwarudisha. Chakula kilikwenda, uzito ukagoma. Nikadhani mzani umeharibika.

Alfajiri moja nikamkuta mama ukingoni na beseni la machicha ya mbege, pombe yetu ya ndizi. Samaki walikuwa wamejaa juu, midomo wazi.

"Shikamoo mama. Unafanya nini?"

"Marahaba. Si unaona wanavyonisubiri? Tangu tumzike baba yako nawaongezea kidogo. Wewe na mzani wako unawapimia chakula kama dawa!"

Nikazamisha mkono kama baba alivyonifundisha. Maji yakiwa mazuri, unaviona vidole mpaka kiwiko kiguse maji. Vyangu vilipotea maji yakiwa hayajapita kifundo cha mkono, na harufu ya uozo ikapanda.

"Mama, wanatafuta hewa. Machicha yanaoza chini, yanaimaliza."

Akaliweka beseni chini. "Kwa hiyo nawaua samaki wa baba yako."

"Bado tunaweza kuwaokoa," nikasema, ingawa sikuwa na uhakika.

Tulihitaji maji mapya, na zamu ya mfongo, mfereji wa maji tunaogawana, siku ile ilikuwa ya jirani yetu, mzee wa hapo juu. Mama akaenda mwenyewe kumwomba. Mzee akaja na jembe begani.

"Shemeji, maharage yangu hayajui kuogelea, yatasubiri!" akasema, akayageuzia maji kwetu.

Mama hakucheka. Tulifungulia maji machafu yaende migombani, mapya yakaingia mpaka jioni. Waliokufa mama aliwazika chini ya mgomba, mmoja mmoja. Mbwa hakupewa hata mmoja.

Siku hizi yeye ndiye anayepima maji. Anakunja mkono wa gauni, anainama, anazamisha mkono wenye pete ya ndoa. Mara nyingi husema, "Leo wafunge," nami narudisha ndoo stoo bila ubishi.

Leo alikaa ameinama muda mrefu, maji yakigusa kiwiko.

"Naiona pete yangu," akasema taratibu.

Nikaenda kupima chakula.