Mpiga Pasi Aliyekataa Kukumbatiwa

Mumewe alikuwa muuza magodoro mwenye maneno laini kuliko bidhaa zake. Mbele za watu alimwita mkewe "malaika wangu". Wakibaki wawili alimwita "gogo".

Mwanamke mwenyewe alikuwa mpiga pasi katika duka la dobi. Tangu utotoni makelele yalimchoma masikio, kuguswa ghafla kulimshtua, na akichoka alijibembeza huku na huku mpaka moyo utulie. Akiwa mtu mzima, daktari alimweleza kuwa ana usonji, kwamba alizaliwa nao na wala si ukaidi. Alitoka pale mwepesi kama aliyetua mzigo. Mume alipoambiwa, alipiga miayo.

"Basi sasa una kisingizio cha kidaktari," akasema.

Kisha akamleta dada yake aje kumnyoosha mke. Huyo wifi alikuwa amegombana na kila jirani aliyewahi kumpata, na kwa ujuzi huo akajipa cheo cha mshauri wa ndoa. Akaamuru wageni wote wakumbatiwe mlangoni. Redio ikaunguruma kutwa, ati masikio yazoee. Hayakuzoea. Mpiga pasi akaanza kula bafuni, maana ndiko kulikokuwa na komeo.

Siku mume alipopandishwa cheo, sebule ilijaa wafanyakazi wenzake. Baada ya kujisifu vya kutosha, muuza magodoro akasimama kuchekesha watu. Akaziba masikio, akajibembeza, akatoa macho kama chura. "Ndiye bibi yangu huyo akisikia blenda!" Wakaangua kicheko. Bosi wake akacheka mpaka akafuta machozi, na mume, kuona bosi amefurahi, akarudia.

Mpiga pasi alimtazama mtu mzima yule, na tai yake, akijigeuza kikaragosi ili bosi ampigepige begani. Alitafuta hasira moyoni, akakuta dharau tupu.

"Umemaliza?" akauliza.

"Jamani wifi, ni utani tu!" akadakia mshauri wa ndoa.

"Utani wa nani? Mimi sijacheka."

Akaenda kufungasha nguo. Mume akamfuata, akinong'ona kwa meno yaliyokazwa: "Unaniaibisha mbele ya bosi!"

"Mimi nilikuwa nimekaa tu. Aliyesimama ni wewe."

Alihamia chumba kimoja jirani na kazini. Wiki za kwanza zilimwelemea. Alilia, akakosa usingizi, akaanza kumwona mshauri nasaha wa hospitali, ambaye alimsikiliza bila kumkazia macho. Mume alikuja siku moja kuomba radhi, manukato yametangulia, mikono ameitanua kumkumbatia. Mpiga pasi akarudi nyuma.

"Nikiziba masikio, maana yake nini?"

Mume akafikiri, jasho likamtoka. "Kwamba... umeninunia?"

Miaka yote ya ndoa, na hilo ndilo aliloambulia! Mpiga pasi akafunga mlango, na talaka ikafuata.

Siku hizi, baada ya kazi, hupitiwa na mkunja nguo wa pale dukani, mama mwenye maneno mengi ambaye hubisha hodi kisha husubiri ajibiwe. Jioni moja alimkuta mwenzake amechoka, anajibembeza kitandani. Akamimina chai, akavuta kigoda kando ya dirisha.

"Shoga, tuongee au tunyamaze?"

"Tunyamaze."

Yule mama akabana midomo kwa shida, akanyamaza.