Muvure wa Mama Claudette

Pale Muheto, kwenye milima ya Masisi, mtu akisema “kasiksi” bila kutaja ni ya nani, watu wanajua ni ya Thacienne. Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Zamani ilikuwa ya mume wake, Nsengimana, mwanaume wa mabega mapana aliyeifahamu pombe hiyo ya ndizi kuliko jina lake mwenyewe. Kazi ya Thacienne ilikuwa kuchota maji, kumenya ndizi, kukaanga mtama na kuusaga. Kwenye muvure, lile gogo kubwa lililochongwa kama mtumbwi ambamo ndizi hukamuliwa, hakugusa hata ukingo. Ndivyo alivyoikuta desturi ya ukoo ule alipoolewa, wala hakuna aliyemweleza sababu.

Kisha lori la mbao lililompakia Nsengimana kutoka Mubi likapinduka kwenye matope. Alirudi nyumbani mzima wa roho, na Thacienne alimshukuru Mungu kwa hilo, lakini mgongo ulikuwa umevunjika. Akawa mtu wa fimbo na kiti. Kuinama hakuweza tena, na shambani ndizi zilikuwa zimekomaa.

Evode, mdogo wake Nsengimana, alifika akasema atauhamishia muvure kwake mpaka kaka yake apone. Thacienne alikuwa anamenya viazi. Akaweka kisu chini.

“Shemeki, muvure haitoke hapa.”

“Sasa nani atakamua?”

“Miye.”

Evode akacheka, si kwa ubaya. “Mwanamuke hakamuake kasiksi, Mama Claudette. Itaharibika. Watu watasema nini?”

“Watasema iko muzuri ao iko mubaya. Wakunywe kwanza.”

Wote wawili wakamgeukia Nsengimana. Aliitazama mikono ya mke wake. Mwishowe akasema, “Muniletee kiti karibu na muvure.”

Ya kwanza iliharibika kweli. Hata nguruwe wa jirani hawakuimaliza. Ya pili ilitoka tamu kama maji ya sukari, ikanywewa na watoto. Nsengimana alimfundisha akiwa kwenye kiti chake, mara kwa upole, mara kwa ukali, maana maumivu ya mgongo yalimpa hasira. “Unasukuma na mikono tu. Weka mwili yote! Na usikimbize. Nyasi njo itakuambia.”

Alichomaanisha, Thacienne alikielewa siku moja ghafla. Unachanganya ndizi mbivu na nyasi kavu, unakanda, unakanda, vinanatana kama udongo wa kufinyangia, jasho linakutiririka, unadhani hakuna kitakachotokea. Halafu ndani ya viganja kitu kinalegea. Povu linatoka, ndizi inaachia, na maji yake yanashuka yenyewe, safi. Siku hiyo alipiga kelele peke yake mpaka mbuzi wakashtuka. Baada ya hapo alijifunza mengine kwa pua yake: shimo la kuivishia ndizi likiwa na moto wa kutosha, mtama ukikaangwa sawasawa, pombe ikianza kuchemka chini ya majani ya mgomba. Claudette, binti yake mkubwa, alipoanza masomo ya sekondari, watu walikuwa wanapanda mlima kutoka kando ya ziwa kuja kutafuta kasiksi ya mama yake.

Ndipo ugonjwa wa migomba ulipoingia Masisi. Majani yalining'inia kama yaliyomwagiwa maji ya moto. Ukikata shina, linatoa usaha wa manjano. Muagronome, bwana shamba aliyepita vijijini, aliwaambia hakuna dawa, ni kukata tu. Wengi waliacha migomba yao wakitumaini. Thacienne alizunguka shamba asubuhi nzima, kisha akachukua panga. Alikata yote. Kila alipomaliza shina moja alilichoma panga motoni kabla ya kugusa jingine. Migomba hiyo ilipandwa na baba mkwe wake, na Nsengimana aliilia waziwazi, bila kujificha.

“Umemaliza shamba ya baba yetu,” Evode alimwambia.

“Baba yenu alipanda migomba, Shemeki. Hakupanda magonjwa.”

Wakapanda maharagwe pale, wakangoja. Hata kungoja kwenyewe hawakuachiwa kwa amani. Milio ya risasi ilisogea, na familia ikateremka Kirotshe, kando ya ziwa, kwa Uwamahoro, dada yake Thacienne aliyeolewa huko. Nyuma ya jiko la Uwamahoro, Thacienne akakuta migomba ya mbegu ileile ya Muheto, ambayo yeye mwenyewe alimpa dada yake zamani na kusahau. Aliikagua mmoja mmoja, jani kwa jani. Ilikuwa mizima. Mlima ulipotulia wakarudi, na nyuma ya pikipiki iliyombeba alifunga machipukizi ndani ya magunia yaliyoloweshwa, akayashikilia kwa mkono njia nzima kama mtu aliyebeba mtoto mchanga.

Shamba lilikuwa limerudia kijani chake Claudette alipochumbiwa na Gentil, kijana wa wafugaji wa juu mlimani. Baba yake Gentil, mzee Sebarenzi, alijulikana kwa ng'ombe wake na kwa ulimi wake: hakusifu kitu hovyo. Evode, ambaye ndiye msemaji wa ukoo, alishauri zinunuliwe kreti za bia.

“Watu ya ng'ombe watatucheka tukiwapa pombe ya kukamuliwa na mwanamuke.”

“Tutawapa kasiksi,” Nsengimana alijibu, na mazungumzo yakaishia hapo.

Siku ya sherehe chungu kiliwekwa katikati ya ua, na mirija ikapangwa kando yake. Kwao, aliyekamua ndiye huonja kwanza, ili mgeni anywe bila wasiwasi. Evode aliliweka sawa koti lake, akachukua mrija, akasogea. Mzee Sebarenzi akainua fimbo yake.

“Ngoja kwanza. Ni weye ulikamua?”

Evode angeweza kuitikia, na nani angembishia mbele ya wageni? Alimtazama kaka yake kwenye kiti. Kisha akageuka, akampelekea Thacienne ule mrija kwa mikono miwili.

“Hapana, Papa. Ni huyu Mama njo alikamua.”

Thacienne alijipangusa mikono kwenye kitenge, ingawa ilikuwa mikavu. Akapita katikati ya wanaume wa koo mbili, akainamia chungu, akanywa. Hakuharakisha. Alionja mtama, akaonja moshi kidogo, akaonja ile ndizi aliyoitoa ziwani kwenye gunia, na akajua mwenyewe, kabla ya mtu yeyote kusema, kwamba iko sawa.

Sebarenzi alinywa baada yake, kwa muda mrefu. Alipoinua kichwa alipangusa mdomo.

“Miye niko muntu wa maziwa,” alisema. “Lakini hii... Mama, nani alikufundisha?”

Thacienne akaelekeza mkono kwenye kiti cha mume wake. “Ule pale.”

Nsengimana akatikisa kichwa. Alijishika kwenye fimbo akasimama, jambo ambalo siku hizi alilifanya kanisani tu, akasema kwa sauti ya kusikika na kila mtu: “Nilimufundisha ya kwanza, ile nguruwe walikatalaka. Ya hivi, miye sikukamuaka hata siku moja.”

Watu wakaangua kicheko, wanawake wakapiga vigelegele, na Claudette, pamoja na mapambo yake yote ya bibi harusi, akalia. Sebarenzi akaurudia mrija bila kungoja kukaribishwa tena. Thacienne alikaza kitenge chake kiunoni, akainua kichwa, akaingia ndani kuleta chungu cha pili.