Ratiba ya Kwenda Kwenye Bembea za Kalima

Karatasi za reli zilikuwa na harufu yake: vumbi la stoo, mafuta ya mashine na mkojo wa panya. Baba alizileta nyumbani kwa mafungu kutoka stesheni ya Kindu, ambako treni haikuwa imefika kwa muda mrefu hata majani yakaota katikati ya vyuma. Zilikuwa hati za mizigo. Upande mmoja ulijaa habari za magunia ya mchele na mapipa ya mawese ambayo watu walikwisha kuyala zamani, upande wa pili mweupe. Baba alikuwa karani wa ratiba. Tangu ujana wake kazi yake ilikuwa kupanga treni ipi itangulie, ipi ingoje, na abiria gani washuke wapi. Vita vilipokata reli, na watu wenye silaha wakauzunguka mji hata tukashindwa kwenda mashambani, wenzake walikaa barazani wakishika tama. Yeye aliketi kwenye meza ya chakula, akachonga penseli kwa kisu cha jikoni, akaanza kupanga vakansi. Naam, vakansi! Watu wanahangaika kutafuta chumvi, baba yangu anapanga likizo ya ukoo mzima.

Aliyemtia wazimu huo ni Babu, baba yake mama, ambaye alikimbia Kalima na kuja kukaa kwetu. Babu alikuwa mlinzi wa uwanja wa watoto katika klabu ya kampuni ya madini kule Kalima, na hakuwa na hadithi nyingine. Alitusimulia bembea za minyororo, mtelezo wa bati uliochoma mapaja wakati wa jua, na chombo kimoja chenye viti vinane vilivyozunguka mlingoti, ambacho watoto wa huko walikiita Kizunguzungu. Mdogo wangu Sefu na mimi tulimfanya akirudie Kizunguzungu kila siku, hata tukajua kiti kipi kinalia na kipi kimepasuka mbao. Lakini chombo hicho kilikuwa na sheria yake. Langoni palikuwa na nguzo, na kwenye nguzo Babu mwenyewe alichora mstari mwekundu. Mtoto aliyeupita mstari kwa urefu hapandi, kwa sababu viti havikutengenezwa kubeba wakubwa. "Hata mutoto wa mukubwa wa kampuni nilimurudisha," Babu alisema, na alijivunia jambo hilo kuliko ndoa yake. Nilimuuliza mstari ule ulifika wapi. Akasimama wima, akagusa kifungo cha tatu cha koti lake la zamani la ulinzi. Hapo ndipo tabu yangu ilipoanzia. Nilikuwa na miaka minane, utosi wangu ulikuwa umebakiza kiganja kimoja kufika kifungo hicho, na njia ya Kalima ilikuwa imefungwa.

Wasomaji ambao hawajawahi kupanga safari na jamaa zao hawataamini ninayoyasema, na waliowahi watacheka kwa uchungu. Ratiba ya kwanza ilikuwa na watu sita, yaani sisi wa nyumbani, Babu, na mama mdogo, mdogo wake mama, aliyeishi nasi. Ya pili ilikuwa na kumi na mmoja, maana mama mdogo alikumbuka kwamba mchumba wake naye ana mama na ndugu. Ya tatu ilivunjika kwa ugomvi wa sufuria: nani ataibeba, na kwa nini iwe sufuria yetu kila mara. Ya nne ilitaka kujua watoto watalala upande gani wa nyumba ya Babu, nyumba ambayo hatukujua kama bado ina paa. Walibishana juu ya mvua, juu ya nani anaogopa kuvuka mto kwa pirogi, ile mitumbwi ya kwetu, juu ya bibi mmoja asiyekula samaki asiye na magamba, hali sisi wote tulikuwa hatuli samaki wa aina yoyote. Kila kikao kilikwisha kwa Baba kufuta na raba, kisha akasema, "Tutaanza upya." Mama alikuwa akitwanga sombe uani, kisamvu kisicho na chumvi wala mawese, na kila kishindo cha mchi kilikuwa jibu lake. Siku moja hakuvumilia. "Treni iko wapi? Njia iko wapi? Bugali iko wapi?" aliuliza kutoka uani. Baba akamjibu bila kuinua kichwa kwamba njia ikifunguka, aliye tayari ndiye atakayeondoka. Haraka haraka haina baraka, aliongeza. Nilitamani kumtupia kiatu. Mimi methali niliyoijua ni ile nyingine, ngoja ngoja huumiza matumbo.

Kila Ijumaa nilikwenda kusimama kifuani kwa Babu kupimwa. Nilijibana, nilishusha mabega, nilivua hata kandambili. Watoto wa kawaida huomba wakue. Mimi nilimwomba Mungu anisahau kidogo. Na loo, nilisikilizwa! Miezi ilipita, mvua zikaja zikaondoka, tukala mizizi na majani ambayo zamani tulimtupia mbuzi, na kile kiganja kimoja kikabaki kiganja kimoja. Nilikimbilia uani nikimpigia mama kelele, "Mama, sijakua! Babu amenipima, sijakua hata kidogo!" Mama aliuacha mchi ndani ya kinu. Alinitazama miguu, akanitazama mikono, akanizaba kofi ambalo masikio yangu bado yanalikumbuka, kisha akanivuta akanikumbatia mpaka nikakosa pumzi. Niliona ni uonevu mtupu. Nilinuna siku mbili, nikasema moyoni kwamba mama yangu ni mtu asiyependa watoto wake wacheze.

Njia ilifunguka kweli. Sijui wakubwa wa bunduki walipatana nini, lakini asubuhi moja wanawake wa soko waliingia mjini kutoka upande wa mashariki wakiwa na ndizi vichwani, na habari zikaenea kwamba mtu anaweza kutembea mpaka Kalima. Baba alikuwa tayari. Jamani, alikuwa tayari kuliko jeshi! Alikwisha kupatana na vijana wa kusukuma kinga, zile baiskeli za mizigo, na ratiba ilikuwa imeandikwa kwa wino: watu kumi na tisa, mwenye namba yake kila mmoja. Nakala moja aliituma ng'ambo ya mto, Alunguli, kwa dada yake mkubwa, Shangazi Zaina, ambaye angesafiri nasi pamoja na watoto wake watatu. Na hapo karani wa reli akaharibu kila kitu. Aliwapanga watu kama anavyopanga abiria wa treni: wazee wasiojiweza na watoto wanapanda kwanza, wenye nguvu mwisho. Babu alikuwa namba moja. Mama mdogo, aliyekuwa mgonjwa wa mguu, namba tatu. Shangazi Zaina, mwanamke aliyeweza kubeba gunia la muhogo bila kusaidiwa, alikuwa namba kumi na nne. Karatasi hiyo, badala ya kupelekewa na Baba mwenyewe, aliletewa na mpiga kasia.

Tulipovuka na mafurushi yetu tulimkuta Shangazi ameketi chini mlangoni kwake, ameunyoosha mguu, amegeukia ukuta. Hakujibu salamu ya Baba. Ile karatasi alikuwa ameilalia. Baba alipiga magoti, akaanza kumweleza habari za kupanda na kushuka, na mambo ya uzito. Ndipo Shangazi aliposema, akiuambia ukuta, "Miye njo nilikubeba mugongoni. Leo shemeji wanatangulia, miye kumi na ine? Na ninaletewa barua na mutu wa pirogi?" Nilidhani Baba atasema basi, twende zetu, njia iko wazi. Hakusema. Mtu hawezi kuondoka na watoto wa ukoo huku dada mkubwa ameweka kinyongo. Jambo baya likitokea njiani, kila mtu atajua limetoka wapi. Hata Babu, ambaye si wa upande wao, alitikisa kichwa akashusha furushi lake. Ilibidi atafutwe kuku wa kuomba radhi. Kuku! Katika mji ambao jogoo wa mwisho aliliwa hata watu wakasahau saa za kuamka! Siku ya kwanza ikaisha hivyo. Siku ya pili Baba alipata bata, Shangazi akamtazama bata huyo, akasema bata si kuku. Siku ya tatu Baba alilitoa koti lake la mvua la reli, akapata kuku mwembamba mwenye jicho moja. Akachinjwa, tukala wote kidogo kidogo, Shangazi akamlilia Baba begani, wakasameheana. Kisha, bila kunawa mikono, Shangazi akaomba penseli. Aliwaongeza watu wanne.

Siku ya nne tulitoka Alunguli tukiwa ishirini na watatu, Shangazi Zaina akiwa namba moja, akitembea mbele na sufuria kichwani. Nilikuwa na furaha hata nikakosa kuhisi njaa. Hatukufika mbali. Kwenye kona ya pili tulikutana na wanawake wakirudi mbio, mikono mitupu, na mmoja wao akatuambia tugeuke, wamefunga tena, wanapiga. Tuligeuka. Hakuna aliyemlaumu mwenziwe, kila mtu alishika mtoto aliye karibu naye. Mimi nilimlaumu Shangazi, nikamlaumu Baba, nikamlaumu hata yule kuku. Chelewa chelewa utamkuta mwana si wako, na mimi nilikuwa ndiye mwana mwenyewe, ninayekaribia kupita mstari kwa sababu ya namba kumi na nne. Nililia njia nzima mpaka mtoni, na Baba akanibeba ingawa naye alikuwa amekonda sana.

Tulifika Kalima baada ya vita kwisha, juu ya lori la mizigo, katika ratiba ambayo sitaki hata kuieleza. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Nilivaa gauni la maua ambalo mama alinishonea kwa ajili ya safari hiyo. Klabu ilikuwa imemezwa na majani, bembea zilikuwa zimeng'olewa minyororo, na Kizunguzungu kilibakiwa na viti vitatu. Nguzo ilikuwepo, na mstari wa Babu ulikuwepo, umepauka lakini unaonekana. Hapakuwa na mlinzi wala lango. Ningeweza kukimbia nikapanda, kama alivyofanya Sefu. Lakini Babu aliniita, akaniegemeza kwenye nguzo, akaniweka kiganja utosini, kwa sababu kazi ni kazi. Nilifumba macho. Miaka mitatu ilikuwa imepita, nilijua nimeshindwa. Kisha nikamsikia Babu akipumua. Alinipima tena. Nilikuwa chini ya mstari kwa vidole viwili. Nilipiga kelele za ushindi zilizowarusha ndege, nikakimbilia kiti, nikazungushwa na Sefu na watoto wa Shangazi mpaka nikatapika, nikarudi tena. Nilipotazama nje ili wazazi wangu wanione, Baba alikuwa amekwenda nyuma ya ukuta. Mama alikuwa anahesabu kitu kwa vidole, midomo inatikisika, na Shangazi Zaina alikuwa amemshika kiunoni. Babu alibaki pale nguzoni, mkono juu ya mstari wake. Nilidhani wamechoka na lori.

Nilielewa mwaka binti yangu alipotimiza miaka minane. Mama alilitoa lile gauni la maua sandukuni, amjaribishe mjukuu. Lilimbana. Mama alilikunja haraka akasema nguo za zamani hurudi zikifuliwa, nami nikaenda chumbani nikakaa kitandani na hasira ambazo sikujua nizipeleke wapi. Furaha yangu kubwa kuliko zote za utotoni ilikuwa njaa, na wote waliokuwepo siku ile walilijua hilo isipokuwa mimi.

Leo ukoo wetu unapanga tena. Safari hii ni Kinshasa, kwenye bustani kubwa ya michezo yenye hoteli ndani yake, bwawa, na mashine za kurusha watu juu. Kuna kikundi cha simu chenye watu thelathini na mmoja, na ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni. Mmoja anataka ghorofa ya chini, mwingine haogi bwawa moja na wanaume, wa tatu anauliza kama hoteli itamruhusu kupika sombe chumbani. Baba, mzee sasa, anatuma ratiba alizoandika kwa mkono na kuzipiga picha zikiwa zimepinda. Tunaahirisha mwezi hadi mwezi. Nimejitoa kwenye kikundi mara mbili, wakanirudisha. Wiki iliyopita mke wa Sefu alituma ujumbe wa sauti mrefu, amekasirika, na haki alikuwa nayo: mwanawe ana miaka tisa, ananifika mabegani, na michezo ya watoto wadogo ina kipimo cha urefu. Tukizidi kuchelewa, alisema, huyu mutoto atakomea, atakuwa mukubwa, watamukatalia mulangoni, na sisi wote njo tutakuwa na kosa.

Nilishika simu, mimi ambaye nimewatukana wote kwa ucheleweshaji tangu mwanzo wa mwaka. Niliandika, "Acha akomee." Wenye umri mdogo wakatuma alama za kuuliza. Baba hajibu ujumbe wa mtu, hata wa msiba humfikia kupitia Mama. Lakini alijibu kabla sijaiweka simu chini, akinikubalia kwa maneno mawili tu: "Njo vile."