Rejeta Iliyopungua Uzito

Nilipoipokea rejeta kutoka Korogwe nilihisi mara moja kuwa imepungua uzito. Wiki moja kabla nilikuwa nimeibeba begani hadi kwenye basi, na bega lilikuwa limeuma siku mbili. Sasa niliiinua kwa mkono mmoja. Rangi nyeusi mpya, risasi mpya ya kulehemu kwenye kona zote nne. Mimi ni mtu wa kunyamaza, na mtu wa kunyamaza hupata nafasi kubwa ya kuwaza mabaya.

Rejeta ilikuwa ya gari la zamani la mashindano, mali ya mzee mmoja wa Korogwe aliyelikimbiza kwenye matope ujanani mwake. Mlangoni bado lina namba ndani ya duara, imefifia. Lilikuwa limelala bandani miaka mingi, ndipo akalivuta mpaka gerejini kwetu Chanika, Handeni, akitaka kulirudisha Korogwe akiliendesha kwa mikono yake mwenyewe. Injini niliiamsha. Shida ikawa joto. Kilomita chache tu, linachemsha. Mzee akanielekeza kwa fundi rejeta wa Korogwe, mtu aliyekuwa akimfanyia kazi tangu zamani, nami nikaituma huko kwa basi.

Ilipofika nikaifunga, tukaenda kulijaribu upande wa Kwaluguru. Mzee aliendesha, mimi nikitazama geji ya joto. Mshale haukusita kupanda. Tulisimama kando ya shamba la mahindi, mvuke ukitoka mbele.

“Linachemsha vilevile kama mwanzo,” mzee akasema. “Unaonaje?”

Nilitazama viatu vyangu.

“Sema, mjukuu wangu. Sikukupa lifti, nimekupa kazi.”

“Mzee, rejeta imerudi nyepesi.”

“Nyepesi vipi?”

“Hizi za zamani zina mirija minene ya shaba ndani. Wanunuzi wa vyuma chakavu wanazitafuta sana.”

Hayo tu. Sikumtaja mtu. Lakini mzee alitoa simu palepale akampigia fundi. “Shaba yangu umemuuzia nani?” aliuliza, na hakungoja jibu lote. Siku chache baadaye habari ilikuwa imeenea kituo cha basi cha Korogwe kwamba fundi rejeta anauza shaba za wateja. Nilisikia watu watatu wamekwenda kuchukua rejeta zao kabla hajazigusa. Niliposikia hivyo nilijisemea kwamba kumbe si mimi peke yangu ninayemwona mwizi.

Nilitaka ushahidi. Niliwasha injini, ikapanda moto, nikaanza kupapasa. Kichwa cha injini kilikuwa hakishikiki, lakini rejeta sehemu ya chini ilikuwa ya baridi kama mtungi. Nilifurahi. Nilisema fundi huyu ameweka mirija mibovu, tena imeziba. Nikaitoa, nikaisimamisha, nikamimina ndoo ya maji juu. Yakatoka yote chini kwa mkupuo mmoja, yakanilowesha miguu. Nikachungulia ndani kwa tochi. Mirija ilikuwa ileile minene ya shaba, hakuna hata mmoja uliobadilishwa. Kilichokuwa kimepungua ni kutu na tope la miaka yote ile.

Basi maji yalikuwa yanapita wapi? Nikaushuku mpira mfupi unaotoka kwenye kichwa cha injini na kurudi moja kwa moja kwenye pampu. Nikairudisha rejeta, nikawasha tena, nikaushika. Ulikuwa wa moto kuliko kitu chochote. Hapo nikakaa chini.

Gerejini kwetu, na sijaona gereji ya Handeni wala Korogwe inayofanya tofauti, gari likija linachemsha, cha kwanza kutolewa ni themostati, kile kidude kinachofungulia maji njia yakishapata moto. Tunasema ni cha nchi za baridi. Nilikitoa siku ya kwanza, bila hata kumuuliza mzee. Kwenye magari mengi hakuna anayeona tofauti. Kwenye injini ile kidude kina sahani ya pili kwa chini. Kikifunguka, sahani hiyo inaziba njia ya mpira mfupi, na maji yote yanalazimika kwenda kwenye rejeta. Mimi nilikuwa nimeyaachia njia ya mkato. Yalizunguka humohumo ndani yakijichemsha.

Nilikikuta kwenye kopo la boliti kuukuu. Nikakitumbukiza kwenye sufuria ya mama anayetuuzia chai, naye akaniuliza kama leo nimekosa mboga. Maji yalipochemka kikafunguka vizuri. Nikakirudisha mahali pake. Tulikwenda Kwaluguru na kurudi, mshale ukakaa katikati.

“Ulifanya nini?” mzee aliuliza.

“Nimerudisha themostati.”

“Nani aliitoa?”

“Mimi.”

Tulipofika Chanika akazima injini. “Nitampigia fundi,” akasema. “Lakini wewe utakwenda kwa miguu yako.”

Kusema mbele ya mtu sikuweza, kwa hiyo niliandika barua. Nimeishia darasa la saba, herufi zangu hutoka moja moja. Ilinichukua siku mbili.

Korogwe nilimkuta fundi kwenye karakana yake na wateja wawili.

“Shikamoo, fundi.”

“Marahaba. Wewe ndiye mwenye mizani begani?”

Nikampa barua. Akaigeuza mbele na nyuma. “Miwani nimeacha nyumbani. Nisomee.”

Miwani ilikuwa mfukoni mwa shati lake, niliuona mkono wa miwani umechomoza. Nikasoma.

“Sauti,” akasema. “Hawa nao wamesikia habari za shaba.”

Nikaanza upya. “Rejeta ulitengeneza vizuri. Shaba yote ipo. Uzito uliopungua ni uchafu ulioutoa wewe. Nilitoa themostati mimi, na nikakudhania vibaya bila kukuuliza.”

Mteja mmoja, dereva wa lori, akacheka. “Mmepanga nyie wawili.”

Fundi alinitazama mimi. “Na kule kituoni, watasomewa lini?”

“Leo,” nikasema.

“Unaijua njia?”

“Naijua.”

“Hata hivyo twende wote.” Alivua aproni, akamwachia dereva ulinzi wa vyombo, tukatoka. Nilimpisha apite mbele kwa heshima, akakataa. Alitembea nyuma yangu njia nzima, mahali ambapo angeweza kuniona.